Kistari Mbele ya Jina la Avelina

Mwalimu Bertilla alikuwa na wivu. Tuseme mapema, maana wanaomfahamu pale Pito watanicheka nikianza kuzungukazunguka. Haukuwa wivu wa mume, kwa sababu mume hakuwahi kumpata, wala hakuwahi kumtafuta kwa bidii. Haukuwa wivu wa mali pia. Alitosheka na nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili, baiskeli, na masweta mawili ya kupokezana baridi ya Juni inapoanza kukata masikio. Wivu wake ulikuwa wa watu. Mtu akishakuwa wake, basi awe wake, na mwingine asimguse.

Alizaliwa Mpui, mtoto wa tatu katika nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi. Leo ana miaka hamsini na mmoja, na bado anaweza kukusimulia gauni la komunyo ya kwanza aliloshonewa mdogo wake Mary, gauni jipya la mikono ya puto, wakati yeye mwenyewe alikuwa amekomunika na la kurithi. Anakumbuka hata vifungo. Mary sasa ana wajukuu na lile gauni lilishakuwa matambara zamani, lakini mtaje Mary mbele ya Bertilla uone midomo inavyobana.

Mwanafunzi wake Avelina alimpata akiwa darasa la pili. Msichana mrefu kuliko wenzake, kwa hiyo alikuwa amekalishwa nyuma kabisa, na madaftari yake yalikuwa matupu. Walimu wengine walishasema kuwa mtoto ni mzito, hafundishiki. Siku moja Bertilla alimwita mbele asome neno ubaoni. Avelina akasogea, akasogea tena, akasogea mpaka pua ikagusa ubao, akalisoma neno bila kosa, kisha akageuka na pua nyeupe kwa chaki. Darasa zima likaangua kicheko. Bertilla alilinyamazisha kwa jicho moja tu, kisha akabaki amesimama na chaki mkononi, akiwa na hasira na miaka yote miwili ambayo hakuna aliyemwita mtoto huyu mbele.

Hospitalini walisema ana uoni hafifu wa kuzaliwa, na miwani ilimsaidia kidogo tu. Basi Bertilla akaenda kwa mafundi waliokuwa wanajenga nyumba jirani, akawaomba mifuko mitupu ya saruji. Akaikung'uta vumbi, akaipasua, akaigeuza upande wa ndani, na kila jioni akawa anaandika humo masomo ya kesho yake kwa kalamu nene ya wino mweusi, herufi kubwa kama vidole vya gumba. Alifanya hivyo miaka mitano. Na kila alichoandika ubaoni alikisoma kwa sauti ili Avelina asikie, mpaka ikawa mazoea, mpaka kanisani akawa anasoma kwa sauti matangazo yaliyobandikwa mlangoni, watu wakipishana naye wakicheka chini chini.

"Mimi ndiye macho ya huyu mtoto," alipenda kusema. Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Silvana, mama yake Avelina, mkulima asiye na maneno mengi, kila mwaka baada ya mavuno alimletea ndoo ya ulezi. Ndoo ya mfuniko wa bluu, mkono wake umeungwa kwa waya. Bertilla alikuwa na ulezi wa kwao Mpui wa kumtosha, lakini uji wa ndoo ile aliunywa taratibu, peke yake.

Avelina alipoingia darasa la saba, Januari, akaja Mwalimu Happyness.

Huyu alikuwa Mnyakyusa kutoka Tukuyu, binti wa miaka ishirini na tisa, amesomea elimu maalumu. Bertilla alimkagua kuanzia viatu. Alitaka kumpata na dosari ya kuanzia, akakosa. Binti alisalimia shikamoo kwa kupiga goti kidogo. Hakuchelewa. Chai ya walimu alichemsha yeye, na vikombe akaosha yeye. Mtu wa namna hiyo utamchukia vipi? Bertilla aliweza, ila ilimgharimu jitihada.

Na kazi yake, jamani, ilionekana. Wiki ya kwanza aliomba ubao upakwe rangi upya, uwe mweusi kwelikweli. Wiki ya pili akapanga zamu za kukaa mbele, asiwepo mtoto wa nyuma wa kudumu. Akawapanga wawili wawili kusomeana. Akamfuata fundi mbao hadi akaweka mhimili wa kushikilia chooni kwa ajili ya Modesti wa darasa la tano, anayetembea kwa magongo, ambaye miaka yote alikuwa anajizuia mpaka arudi nyumbani. Hilo la Modesti lilimuuma Bertilla kwa namna yake, maana alikuwa amepita mbele ya choo kile miaka na miaka na wazo halikumjia.

Kisha ikaja lenzi. Ni kioo cha kukuzia maandishi, chenye kishikio, Happyness alikitoa kwenye mkoba kimefungwa kwa kitambaa. Avelina akasoma kitabu cha darasa kama wenzake kwa mara ya kwanza. Akasoma boksi la chaki. Kisha, kwa ile furaha ya mtoto aliyefunguliwa geti, akamgeukia Mwalimu Bertilla, akaomba ruhusa, akasoma lebo ya sweta lake shingoni, hadi maelezo ya namna ya kulifua. Darasa likapiga makofi. Bertilla naye alipiga, mara mbili, akaweka mikono mfukoni.

Tangu hapo donge likamkaa. Alhamisi moja alimletea Avelina karatasi ya saruji, somo la sayansi, ameiandika jioni nzima.

"Ahsante, madam," alisema Avelina kwa adabu, "lakini hii nimeshaisoma kitabuni."

Bertilla akaikunja mara nne, akarudi nayo nyumbani, akaiweka chini ya kitanda pamoja na nyingine za miaka mitano. Alijiambia kuwa anafurahi. Mtoto anajisomea mwenyewe, si ndicho alichokuwa anakitaka? Lakini moyo ulimchoma, na alijua unamchoma kwa nini. Alikuwa macho ya mtu, na mtu huyo amepata macho mengine.

Halafu Silvana, asiye na maneno mengi, siku moja akayapata. Ilikuwa kwenye sala ya jumuiya, wamekaa nyumbani kwa mzee Zenon, kila mmoja anatoa shukrani zake. Silvana akasema, "Namshukuru Mungu kwa kutuletea mwalimu shuleni kwetu." Mwalimu. Mmoja. Na aliyeletwa ni yupi, kama si yule wa Januari? Bertilla alipoteza mahali walipofika kwenye rozari, akasali Salamu Maria mbili zaidi ya wenzake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Mwezi wa sita, siku ya Ijumaa, mwalimu mkuu Flavian alimkabidhi Bertilla, kama mwalimu wa darasa la saba, orodha ya watahiniwa arobaini na watatu. Mbele ya kila jina kulikuwa na nafasi ya kujaza mahitaji maalumu. Asiye na hitaji anawekewa kistari. Anayehitaji karatasi ya maandishi makubwa na dakika za nyongeza, iandikwe hivyo, kwani bila kuandikwa karatasi hiyo haiji. Orodha ilikuwa iende ofisi ya elimu mjini Jumatatu asubuhi.

Jumamosi Bertilla alikwenda Mpui kumwona kaka yake. Jumapili jioni aliporudi, akiwa bado na mkoba begani, alipita mbele ya nyumba ya Happyness, inayotazamana na yake. Barazani palikuwa pametandikwa mkeka, na juu ya mkeka ulezi mwekundu umeanikwa. Pembeni ndoo. Mfuniko wa bluu. Mkono wa waya.

Hakusimama. Aliingia kwake, akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Jumuiya aliivumilia, na lenzi pia. Lakini ulezi! Miaka mitano ya vumbi la saruji kifuani, na ulezi umevuka uwanja na kwenda kwa mtu wa miezi mitano. Aliivuta ile orodha, akaanza kuijaza. Kistari, kistari, kistari. Alipofika kwa Avelina kalamu ilisita kiasi cha kuvuta pumzi. Kisha akaweka kistari.

Alijitungia na sababu. Akiandikwa ana uoni hafifu si atachaguliwa kwenda shule ya bweni ya mbali, baridi isiyo yake na watu wasio wake? Na kwa nini abandikwe lebo, atofautishwe na wenzake? Sababu nzuri, hata mbele ya wageni zingependeza. Na zote zilikuwa uongo. Aliweka kistari ili Happyness, mwenye lenzi na ulezi, aone kwamba bila Bertilla mtoto hafiki popote.

Jumatatu alfajiri Flavian aliwasha pikipiki, akaondoka na bahasha. Saa nne, wakati wa mapumziko, Happyness alivuka uwanja akiwa na ndoo kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mzigo wako huu. Mama Avelina alikuja Jumamosi hakukukuta. Nikamwambia auache mlangoni kwako, weee, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Akasema kwenu shukrani ya mavuno haiachwi mlangoni, inapokelewa mkononi mwa mtu, na kama mwenyewe hayupo anapokea jirani. Basi nikapokea. Nikakuta una unyevu, nikauanika, na mawe nimetoa."

Bertilla alipokea ndoo. Ilikuwa nzito kuliko miaka mingine. "Na wewe amekuletea kiasi gani?"

"Mimi?" Happyness alicheka. "Mimi sijapata hata punje. Kasema ya kwangu ataangalia mwakani, nikishazoeleka."

Desturi ile Bertilla aliijua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Mtu wa Mpui mzima, mwenye mvi, ameona ulezi kwa jirani na asikumbuke kuuliza umewekwa kwa ajili ya nani. Wivu ulikuwa umemfutia akili.

Simu alikuwa nayo. Flavian alikuwa bado yuko mjini. Lakini angemwambia nini? Aliishika simu mpaka kioo kikazima chenyewe. Nitamwambia akirudi, aliwaza. Flavian alirudi na misumari ya kuezekea na habari za mjini, na Bertilla akamwuliza bei ya misumari. Kesho, kisha Ijumaa, kisha baada ya likizo. Ulezi ulikaa kwenye ndoo yake chini ya dirisha na hakuupika.

Likizo iliisha, mtihani wa majaribio ukaja, ule unaofanywa na shule zote za eneo kujipima kabla ya Septemba. Bahasha zilifunguliwa mbele ya msimamizi aliyetoka shule nyingine, mzee mmoja aitwaye Leonsi, mtu wa kufuata taratibu. Avelina akasimama, akasema anasubiri karatasi ya maandishi makubwa. Leonsi akapitia orodha yake.

"Hapa una kistari, binti. Kaa, chukua kama ya wenzako."

Ilikuwa Hisabati. Bertilla, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha, alimwona Avelina akiinama na lenzi, akiisogeza juu ya namba moja moja, akipangusa macho yaliyoanza kutoa machozi kwa kuchoka, akiinama tena. Wenzake walifungua kurasa, yeye hajafungua. Kengele ilipogongwa wengi walikuwa wamemaliza maswali arobaini na tano. Avelina alikuwa swali la kumi na tisa. Hakulia. Aliweka kalamu chini pale pale alipofika, akatoka.

Alimkuta Bertilla kwenye kona ya darasa.

"Madam, sikumaliza."

"Nimeona."

"Mwalimu Happyness ameniomba msamaha. Amesema kosa ni lake. Yeye ndiye wa mahitaji maalumu, alitakiwa aiangalie orodha kabla haijaondoka, akasahau. Amesema yuko ofisini anaandika barua ya kueleza kwamba alikosea."

Na hapo, sijui nikuelezeje, wivu wa Mwalimu Bertilla ulifanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu komunyo ya Mary. Ulimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Huyu binti amechukua darasa, amechukua makofi, amechukua shukrani za jumuiya, na sasa anachukua hata kosa! Kosa ambalo Bertilla alilifanya kwa mkono wake, akalilalia wiki nne, likamnyima uji. Hapana. Hili halipati.

Alikwenda ofisini karibu anakimbia. Happyness alikuwa ameinama juu ya karatasi, macho mekundu, na Flavian amesimama nyuma yake na mhuri.

"Acha," alisema Bertilla, akaivuta ile karatasi. "Hili ni langu."

"Mwalimu, mimi ndiye nilipaswa..."

"Nimesema ni langu! Wewe hukusahau kitu. Mimi niliona ulezi barazani kwako, nikadhani ni wako, nikaweka kistari kwa makusudi."

Happyness aliweka kalamu chini. Akamtazama. "Ulezi?" alisema. "Mwalimu, kwa ulezi?"

"Na lenzi. Na makofi. Kila kitu."

Akakaa, akaandika barua yake mwenyewe. Flavian aliisoma, akakohoa. "Mwalimu Bertilla, serikalini hatuandiki kwamba sababu ni wivu. Andika, kosa la kibinadamu."

"Kwani wivu ni wa nani, ng'ombe?"

Flavian aligonga mhuri. Happyness alitoka, na siku nne hakumchemshia mtu chai. Alikuwa na haki.

Lakini barua ilikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa kumwambia Avelina. Bertilla alimwita siku ile ile chini ya ukuta wa darasa, mahali pasipo na upepo, akamweleza yote bila kupunguza, hata ule mfuniko wa bluu. Msichana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza kila kitu. Bertilla alitarajia kilio, au ile adabu yake ya ahsante madam. Hakupata.

"Madam, kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nini?"

"Orodha ilikuwa na jina langu. Mwalimu Happyness ananisemea, wewe unanisemea, mama ananisemea. Mngenipa kalamu ningeandika mwenyewe."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na Bertilla alihisi uso unamwaka kama amepigwa kofi. Miaka mitano ya saruji, na swali hilo hakuwahi kulisikia, wala kujiuliza.

Kesho yake Flavian alitoa fomu mpya ya marekebisho. Bertilla aliiweka mbele ya Avelina pamoja na kalamu. Msichana akaweka lenzi, akainama mpaka nywele zikagusa karatasi, akaanza kuitafuta nafasi ya kujaza. Akaipita. Akarudi. Akaipita tena. Bertilla aliona kidole chake mwenyewe kinanyanyuka kwenda kumwonyesha, akakirudisha, na kwa kuwa hakukiamini, akaikalia mikono yote miwili. Ilichukua muda mrefu sana. Kisha Avelina akaandika, kwa mwandiko uliopanda na kushuka: maandishi makubwa, dakika za nyongeza.

Bertilla aliipeleka mjini mwenyewe. Huko alipewa somo na ofisa mmoja kijana, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, naye akalisikiliza lote akiwa amesimama. Mwishowe fomu ilipokelewa.

Septemba, siku ya mtihani wa Hisabati, bahasha ya pili ilikuwamo, nene, yenye jina moja. Bertilla alikuwa ameamka mapema akapika uji wa ule ulezi, akaujaza kwenye chupa ya chai. Muda wa kawaida ulipoisha wanafunzi arobaini na wawili walitoka, wakakimbilia bombani. Avelina alibaki mle ndani na msimamizi. Bertilla na Happyness walisimama mbali, kwenye nyasi, kama walivyoamriwa. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mwezi uliopita ilikuwa nafasi ya watu watatu.

"Mwalimu," alisema Happyness bila kumtazama, "unamwonea wivu yule msimamizi?"

"Kidogo."

"Hata mimi."

Avelina alitoka dakika nne kabla ya muda wake kwisha. Bertilla alifungua chupa, akamimina uji kikombeni, akanyoosha mkono. Msichana aliwafikia, akasema, "Nimemaliza yote," akasema tena, "yote, hadi la mwisho," kisha akawapita wote wawili mbio, akaenda bombani kwa wenzake, ambako kelele zilikuwa zimeshaanza.

Bertilla alibaki na kikombe hewani. Akakitazama, akamtazama Happyness.

"Haya, shika," alisema. "Tunywe sisi."

"Ndaga, Mwalimu," Happyness alimshukuru kwa lugha ya kwao, akapokea kwa mikono miwili.